Bei ya Tairi na Roho ya Dereva

  

Huenda ukashangaa kuona makala juu ya matairi ya malori katika kurasa hizi, ambazo umezoea kusoma humo habari za Sala, Saumu na malezi ya watoto. Nakuomba usiupite ukurasa huu. Dini yetu haikuishia mlangoni mwa msikiti. Imeingia sokoni, ikashika mizani, ikatazama hata ndani ya gunia. Na kila mmoja wetu ameonywa kwamba Siku ya Kiyama ataulizwa juu ya mali yake: aliichuma wapi, na aliitumia katika jambo gani. Kwa mwenye lori, jibu la swali hilo la pili aghlabu limeandikwa ubavuni mwa matairi yake.

Hebu tumfikirie mtu mmoja wa Lukuledi, katika Wilaya ya Masasi, kwenye barabara iendayo Nachingwea. Ana lori moja tu, alilolinunua kuukuu baada ya kuuza korosho za misimu kadhaa na kukopa kwa ndugu zake. Mwezi wa Oktoba umeingia. Maghala ya vyama vya msingi yanaanza kujaa magunia, na mizigo inatakiwa iteremshwe Mtwara bandarini. Matairi yake mawili ya mbele yamekwisha kashata, yaani meno yamelika hata yamekuwa vipara. Anakwenda dukani Masasi mjini, na muuzaji anamtolea matairi ya namna mbili. Ya kwanza ni ya jina kubwa ambalo kila dereva analijua. Ya pili yametoka ng'ambo na jina lake hajapata kulisikia. Fedha za kununulia jozi moja ya yale ya kwanza zinakaribia kununua jozi mbili za haya ya pili. Mfukoni mwake mna fedha za haya ya pili tu. Je, anunue yapi? Na je, swali hili ni la biashara peke yake, au ni la dini pia?

Kabla ya kujibu, tuelewe kwanza uzito wa jambo hili kwa watu wa kusini. Zamani Waingereza walipoleta mpango wao wa karanga wa mwaka 1947, walijenga reli ya kwenda Nachingwea, na baadaye njia hiyo ikafika hata Masasi. Mpango wa karanga ukaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Tangu siku hizo kila kitu cha nchi kavu katika Masasi, Newala na Tandahimba hupanda juu ya mpira: korosho zinazoteremka, salfa ya kupulizia mikorosho inayopanda, saruji, unga, chumvi, na mgonjwa anayeomba lifti. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho zikawa zinakusanywa kwa wingi maghalani kisha zinasafirishwa kwa mkupuo, na hivyo malori yakazidi kuwa mishipa ya damu ya nchi hii.

Na njia zenyewe si za kubembeleza. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210, na kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na mchanga, mpaka lami ilipoanza kwa kipande cha kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga ni mwingi. Dereva hulazimika kupunguza upepo wa matairi ili lori lipate kutambaa. Akifika kwenye njia ngumu bila kuujaza tena, ubavu wa tairi hukunjika na kukunjuka kila mzunguko, moto hupanda ndani yake, na nyuzi zake huachana bila mtu kuona. Kisha uwanda unakwisha, na lori linateremka ukingoni na shehena yote mgongoni. Hapo ndipo tairi la mbele huulizwa lililo nalo. La nyuma likipasuka, mwenzake wa pembeni humshikia mzigo kwa muda. La mbele halina mwenzake. Likipasuka, usukani humponyoka dereva, na kilichobaki ni rehema ya Mola.

Basi, ndugu msomaji, wengi watajibu upesi kwamba mtu huyu anunue tairi la jina kubwa, kwani wazee walisema rahisi ni ghali. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Tuwe waadilifu.

Kwanza, jina si ushahidi. Mwaka 2000, kampuni ya Bridgestone/Firestone, yenye jina kubwa duniani, iliyaita matairi milioni 6.5 yarudishwe huko Marekani, kwa sababu nyuso za matairi hayo zilikuwa zikibanduka gari likiwa mbioni, na vifo zaidi ya 200 vikahusishwa nayo. Hayo yalikuwa matairi ya magari madogo, si ya malori, lakini fundisho ni lile lile: jina ni habari ya yaliyopita, wala si dhamana ya hili lililo mbele yako. Tena wako wanaonunua jina kwa kiburi tu, ili watu wakutane na lori lao waseme, fulani si mwenzetu. Hiyo ni riya, na fedha iliyotoka kwa riya haina thawabu hata ikinunua kitu kizuri.

Pili, urahisi si ubovu. Yako matairi ya bei nafuu yatokayo China na kwingineko ambayo yametengenezwa kwa kanuni, yamepimwa, na yanabeba mzigo ulioandikwa ubavuni mwake. Asingekuwapo mtu wa kuyaleta, malori mengi ya maskini yangekuwa yamesimama juu ya mawe. Nasi wenyewe katika Afrika Mashariki tulikuwa na viwanda. Kile cha General Tyre cha Arusha kilianzishwa mwaka 1969, kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Kile cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana kilifungwa mwaka 2016, na wenyewe walieleza kwamba wameshindwa kupambana na matairi ya rahisi yaingiayo kutoka nje. Kwa hiyo mtu wa Lukuledi hakuuchagua ulimwengu huu wa matairi ya ng'ambo; ameukuta.

Tatu, hata hesabu yenyewe haiko wazi kama inavyodhaniwa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tairi la shilingi laki 4 linakwenda kilomita 40,000, na la laki 8 linakwenda kilomita 90,000. Mwenye hesabu ataona kwamba la laki 8 ndilo rahisi, kwa kuwa kila kilomita linakula shilingi chache zaidi. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu mwenye laki 8 leo. Asiyekuwa nazo hawezi kula faida ya mwakani kwa njaa ya sasa. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na sisi tusimkalifishe ndugu yetu kwa maneno mepesi ya barazani.

Ikiwa jina si ushahidi, na urahisi si dhambi, basi swali la dini liko wapi? Nadhani liko hapa: ile fedha iliyobaki mfukoni, nani ameilipa?

Tafakari. Mtu akinunua shati la rahisi likapasuka, amepata hasara yeye. Akinunua sufuria jepesi likatoboka, hasara ni ya nyumba yake. Lakini mwenye lori akinunua tairi lisiloweza mzigo wake, faida inaingia mfukoni mwake, na hatari inapanda lorini pamoja na dereva, tandiboi, na akina mama waliopewa lifti juu ya magunia. Inamngoja mtoto anayetoka chuoni na juzuu yake kwapani, akitembea kando ya barabara. Hao wote wamelipa ile tofauti ya bei, wala hakuna aliyewauliza. Anayeokoa fedha ni mmoja, na anayeweka roho rehani ni mwingine. Hilo si bei tena, ndugu yangu. Hiyo ni amana iliyochukuliwa bila idhini ya mwenyewe.

Wanazuoni wetu wa fikihi hawakuyajua malori, lakini waliujua msingi huu vizuri. Walisema juu ya mtu anayechimba kisima katika njia ya watu bila haki, kisha mpita njia akatumbukia: mchimbaji ana dhamana, ingawa hakumsukuma mtu. Na katika madhehebu ya Hanafi wakazungumza juu ya ukuta ulioinama kuelekea njiani. Mwenye ukuta akiisha kuonywa kwamba ukuta wako umeinama, naye akapata muda wa kuubomoa asiubomoe, kisha ukamwangukia mtu, basi ana dhamana. Ninyi mlio wa madhehebu ya Shafi, kama tulivyo wengi wa pwani na bara, mtajua kwamba masheikh wetu wana ufafanuzi wao katika mas-ala ya ukuta. Lakini mafunzo yake hayakimbiliki. Jambo lililomtia mtu huyo hatiani ni lile onyo. Kabla ya onyo alikuwa na ukuta mbovu tu; baada ya onyo amekuwa mtu aliyechagua.

Sasa tazama. Dereva anapokuja jioni akasema, "Mzee, tairi la kushoto mbele limeota nundu," hayo si malalamiko ya mfanyakazi. Hilo ndilo onyo la ukuta. Tangu saa ile, mwenye lori hawezi tena kusema hakujua. Akijibu, "Nenda nalo safari hii moja tu, Mungu yupo," amesema neno la kweli mahali pa uwongo. Mungu yupo, naam, na ameyasikia mazungumzo yote mawili.

Hapa ndipo tunapokutana na ule msemo wetu maarufu, ajali haina kinga. Tunausema matangani ili kuwafariji wafiwa, na kwa kazi hiyo ni neno jema, kwa sababu aliyekwisha kufa harudi kwa lawama. Lakini msemo huu umetoka matangani ukaingia gereji. Mtu anautumia kabla ya ajali, ili asinunue kinga. Je, hii ndiyo imani ya kadari? Bwana Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kamba ya ngamia wetu ni upepo uliopimwa, mzigo wa kiasi, na tairi lenye uzima. Anayeacha kamba kisha akataja tawakali hamtegemei Mungu; anamsingizia.

Tena sheria yenyewe imekataa neno ajali liwe sabuni ya kusafisha kila kitu. Msomaji anayefuatilia Sura ya An-Nisaa atakumbuka aya ya 92, inayohusu Muumini aliyemuua mwenziwe kwa kukosea. Hakukusudia, na bado amewekewa dia kwa jamaa za marehemu, wasipomsamehe, pamoja na kafara ambayo asiyeweza kumwacha huru mtumwa huifunga miezi miwili mfululizo. Kwa nini afunge aliyekosea tu? Kwa sababu roho si jambo la kupita hivi hivi. Ikiwa asiyekusudia kabisa anatakiwa apige goti namna hiyo, ni vipi yule aliyeonywa akanyamaza, naye anaona kwamba sanda na mchele wa matanga vimemaliza deni?

Nimemsikia mwenye lori akijitetea: "Mimi maskini. Nikinunua tairi la ghali nitapandisha nauli ya mzigo, na nauli itatoka katika korosho ya mkulima. Mnanitaka niwadhulumu wakulima?" Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini angalia namna inavyofanya kazi. Nauli ikipanda, mkulima anajua, anaona, anaweza kubishana au kutafuta lori jingine. Hatari ikipanda hakuna aonaye mpaka siku ya siku. Gharama iliyo wazi ni dhiki. Gharama iliyofichwa ni ghishi. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta maji chini na ukavu juu, hakumlaumu muuzaji kwa mvua iliyonyesha. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona. Umaskini ni mvua, ndugu yangu, hukuuleta wewe. Kuuficha chini ya magunia ndiko kunakotuuliza maswali.

Basi tuseme nini kwa mtu wetu wa Lukuledi ambaye bado amesimama dukani? Tusimwambie, nenda nyumbani mpaka utajirike. Tumwambie haya.

Asome tairi kabla ya kusoma bei. Ubavuni mna tarakimu nne za tarehe. Ikiwa ni 2319, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umening'inizwa dukani. Mna pia alama ya mzigo. Tairi lililoandikwa 154/149 linabeba kilo 3,750 likiwa peke yake, na kilo 3,250 likiwa limepachikwa na mwenzake, pale tu upepo wake umetimia. Tairi jipya la jina lisilojulikana lenye alama inayolingana na mzigo wake ni bora kuliko la jina kubwa lililolala ghalani miaka mingi, au lile la mtumba lililopakwa rangi nyeusi liking'aa kama jipya. Nawe muuzaji, ujue kwamba rangi hiyo ndiyo ile nafaka kavu ya juu.

Kama fedha zinatosha tairi jema mawili tu, ayafunge mbele. Lililobandikwa uso mpya asilipeleke mbele kamwe. Matairi mawili yanayokaa pamoja nyuma yawe na kimo kimoja, ama sivyo lililo refu litabeba mzigo wa wawili. Upepo upimwe alfajiri, tairi likiwa baridi, wala usipunguzwe njiani kwa kuwa tairi limechemka.

Na kama tairi analoliweza ni la mzigo mdogo, basi apunguze mzigo. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalomtambulisha mtu. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima lenye ekseli nyingi, na mizani imewekwa barabarani. Lakini mizani haiko kila kijiji, na lori linaweza kutoka ghalani usiku na magunia yaliyozidi bila askari kuona. Hapo tairi la rahisi halina kosa lolote. Limebebeshwa lisiloliweza, nalo, tofauti na mwanadamu, halijui kusema uwongo, linapasuka.

Jambo la mwisho ni la dereva. Asikatwe ujira kwa sababu ya pancha, wala asilipwe kwa namna inayomfanya aone hasara akisimama kupoza matairi. Dereva anayeogopa kukatwa atanyamaza juu ya nundu aliyoiona, na mwenye lori atakuwa amenunua kimya kwa bei mbaya kuliko tairi lolote. Kimya cha dereva hakimwondolei mwenye lori onyo, ikiwa ni yeye aliyelinunua.

Nawe msomaji usiye na lori, usidhani umepona. Sisi ndio tunaomsukuma mwenye lori ateremshe nauli mpaka chini, kisha tunamwambia aongeze magunia kumi. Sisi ndio tunaopanda juu ya shehena ili tuokoe nauli ya basi, na watoto wetu migongoni. Viongozi wa vyama vya msingi wanapokodi malori huuliza bei; ni wangapi huzunguka lori wakainama kutazama matairi? Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alihofia kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu atakayejikwaa Iraki, kwa kuwa hakumsawazishia njia, naye yuko Madina. Sisi lori limesimama mlangoni petu.

Kipimo changu kwa mtu wetu ni kimoja, nacho kimetokana na yale mafundisho kwamba imani haitimii mpaka umpendelee nduguyo unalolipendelea nafsi yako. Akiisha kununua, tairi la jina kubwa au dogo, amchukue mwanawe mwenyewe ampandishe mbele pamoja na dereva, gunia la mwisho likiisha pakiwa, na amwambie, nendeni Mtwara kwa njia ya Newala. Moyo wake ukitulia, tairi hilo ni halali yake, hata kama lilikuwa la bei ya chini kuliko yote dukani. Ukishituka akatamani kumteremsha mtoto, basi amteremshe na dereva pia, kwa kuwa huyo naye ni mtoto wa mtu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, awape wenye vyombo riziki ya halali isiyo na damu ndani yake, na atujaalie kusikia maonyo kabla hayajawa matanga. Wabillahi tawfiq.